Msimu wa Magunia Mawili

Septemba 30, Jumamosi

Leo tumeondoa tanga la mke wangu Epifania, miezi sita na zaidi tangu tumzike. Watu wamekula, katekista ameomba, majirani wameondoka na sufuria zao. Tulipobaki mimi na wanangu wawili ndipo nilipotambua kwamba kikao chenyewe kilikuwa bado hakijaanza.

Melkiadi, mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini, na siku hizi anaongea na kila mtu kama anampimia misumari. Fidele, mdogo wake, anatengeneza pikipiki Kibondo. Huyu hajibu mpaka aulizwe mara mbili.

"Data," Melkiadi akaanza. Kwetu baba ni data, tumekuja na neno hilo tangu wazazi wetu walipovuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. "Data, chumba chako kipo tayari. Nyuma ya duka, kina umeme, choo humo humo. Shamba kuna mtu atalilima, tumeshaongea naye."

"Mmeshaongea naye."

"Ndiyo."

"Na mimi mmeongea na mimi lini?"

Fidele akaangalia viatu vyake. Melkiadi akasema mwanaume wa miaka sitini na miwili hawezi kukaa peke yake porini. Nikamwambia hapa si porini, hapa ni kwangu, na matofali ya nyumba hii tuliyafyatua na mama yake, yeye akiwa mgongoni. Akasema sawa, lakini nani atapika? Nani atapanda maharage?

Hapo alinigusa penyewe. Kwetu mwanaume anavunja udongo, anakata migomba, anachimba mistari. Maharage ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayechagua mbegu, ndiye anayeiweka ardhini, ndiye anayeitunza mpaka msimu mwingine. Miaka thelathini na minane ya ndoa nimechimba mistari, lakini punje moja sijawahi kuiweka kwa mkono wangu, na hakuna aliyewahi kutarajia niiweke.

"Nitapanda mwenyewe," nikasema.

Melkiadi akacheka. Angejua jinsi kicheko kile kilivyoniudhi angekimeza. Tukaanza kubishana, na mwisho tukapeana mkono mbele ya Fidele: magunia mawili ya maharage msimu huu, bila mwanamke kunisaidia, na hawatanisumbua tena. Nikikosa, nafungasha naenda Kasulu. Epifania kwa shamba hilo hilo alikuwa anatoa matatu, tena akilalamika.

Nimechukua daftari hili ili asije mtu akanibishia tarehe.

Oktoba 1

Nimepika ugali. Haukuiva. Nimeula hivyo hivyo.

Oktoba 5

Nimelima kuanzia alfajiri. Mgongo unaniambia umri wangu, nimeukatalia.

Oktoba 8, Jumapili

Melkiadi amepiga simu. Ameuliza nimekula nini, nimelala saa ngapi, kichwa hakiniumi, miguu haivimbi. Nimemwuliza kama siku hizi anauza mabati au amekuwa nesi.

Oktoba 11

Leo nimefungua dumu la mbegu. Epifania alikuwa anazihifadhi ndani ya majivu, na humo hakuna mdudu hata mmoja. Nimezimwaga kwenye ungo na kuziangalia. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, zambarau, za madoadoa, za njano, nyingine ndogo kama punje za mtama, zote zimechanganyika. Mama yake alivuka nazo mpaka zikiwa zimefungwa kwenye kona ya kitenge, na toka siku hiyo wamekuwa wakizipanda pamoja, mama na binti, na kila mwaka wanatoa hizi wanaongeza zile. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini hazitengi. Alikuwa ananijibu kwamba zenyewe zinajuana. Jibu la aina gani hilo kwa mtu mzima?

Wanunuzi wanaopita barabarani wanataka za njano tupu. Mtaalamu wa kilimo aliyekuja kijijini naye alisema hivyo: mbegu ya aina moja, mistari kwa kamba. Basi nimekaa kwenye mkeka siku nzima nikichambua. Za njano zimejaa bakuli kubwa na nusu. Zinapendeza sana zikiwa peke yake.

Oktoba 13

Nimeongeza za njano nyingine kutoka sokoni Kasulu, kwa sababu zangu zisingetosha shamba. Muuzaji alinishauri vizuri, nadhani.

Zile za rangi nyingine nimepika nusu yake. Ni maharage mazuri, yana mchuzi mzito. Ndicho chakula cha kwanza tangu mwezi wa tatu nilichokila mpaka nikalamba bakuli.

Oktoba 14

Esteri ameingia kuomba moto. Huyu ni jirani yangu wa upande wa juu, mjane kunizidi mimi, yaani wa miaka mingi, na ulimi wake haujawahi kupumzika. Ameona chungu. Amefunua. Amekaa kimya, na Esteri akikaa kimya ujue kuna jambo.

"Mzee Ildefonsi, haya umeyatoa wapi?"

"Dumuni."

"Umekula mbegu za Epifania."

Nikamwambia nimekula mabaki, mbegu ziko kwenye bakuli pale, za njano. Akaenda akaziangalia. Akasema haya, ni nzuri, ungeziweka kabatini ziwe pambo. Kisha akasema kama ningekuwa mumewe angenifukuza kwa mwiko. Nikamwambia ndiyo maana si mumeo. Ameondoka bila moto.

Nimebaki nikitazama kile chungu. Sikuweza kula tena. Zile zilizosalia za rangi rangi, kama visado viwili, nimezirudisha kwenye majivu. Nitazitupia kwenye ule mteremko wa mawe nyuma ya jiko, ambako hakuna kinachoota, ili Esteri asipate la kusema.

Oktoba 21

Mvua ya kwanza ya maana. Nimepanda.

Oktoba 22, Jumapili

Bado napanda. Sikwenda misani. Watu waliotoka kanisani wamesimama barabarani wananiangalia nimeinama na bakuli kiunoni. Mmoja akaniuliza kwa sauti kama nitaanza na kusuka ukili. Nikamwambia alete na kichwa chake nikisuke. Nimepanda mistari yote kwa kamba, imenyooka mpaka inatia raha.

Melkiadi amepiga. Kichwa hakiniumi.

Oktoba 24

Nimemalizia kwenye mteremko zile za rangi rangi. Sikutumia kamba.

Oktoba 30

Zimeota. Zote. Nimepita katikati ya mistari asubuhi, nimepita tena jioni bila sababu yoyote. Nimempigia Melkiadi mimi mwenyewe, siku ya kazi, kumwambia. Akasema, "Hongera, Data." Sauti yake haikuwa na furaha. Kijana ananiombea nishindwe.

Novemba 6

Mvua.

Novemba 7

Mvua.

Novemba 12, Jumapili

Mvua siku ya saba. Redio inasema mwaka huu itanyesha kupita kawaida, kana kwamba sisi hatuoni. Melkiadi ameuliza habari za kichwa changu. Nimemwuliza kwa nini kila Jumapili ni kichwa, kichwa. Akasema anauliza tu.

Novemba 19, Jumapili

Fidele amekuja na pikipiki, amelowa mpaka kwenye mifupa. Ametembea shambani kote bila neno. Nikamwuliza mara ya kwanza anaonaje. Nikamwuliza mara ya pili.

"Chini majani yameanza kuwa na madoa, Data."

Nimemwambia ni tope lililorukia. Amenikubalia, na nimechukia kwamba amenikubalia upesi hivyo. Amenitengenezea paa la jiko akaondoka. Yeye ndiye aliyekuwa anamfuata mama yake shambani alipokuwa mdogo, mpaka nikamkataza nikisema atakuwa msichana. Leo nimemwona akigeuza jani kwa vidole viwili kuangalia upande wa chini. Mama yake alikuwa anafanya vile vile.

Novemba 26, Jumapili

Siku ya tatu nimefungiwa ndani na mvua. Simu haina mtandao, kwa hiyo leo hakuna wa kuniuliza habari za kichwa. Madoa si tope. Kwenye bonde la shamba mashina yanalegea, ukiligusa jani linabaki mkononi.

Basi niandike, kwa kuwa sina mtu wa kumwambia na daftari halitanikatiza.

Siku ile, Machi 11, Epifania aliamka akisema kichwa kinamgonga. Nikamwambia twende zahanati. Akasema mbegu ziko tayari kwenye bakuli, udongo una unyevu, tumalize kwanza. Mistari ilikuwa imebaki minne. Na mimi nikafurahi. Hilo ndilo ambalo sijamwambia binadamu yeyote. Sikumbembeleza, sikumkaripia, nilifurahi, kwa sababu hata mimi nilitaka tumalize. Nikachukua jembe nikatangulia kuchimba, yeye akafuata na mbegu. Kwenye mstari wa tatu akakaa chini. Nikamwona akikaa. Nikadhani anapumzika, nikachimba mpaka mwisho wa mstari ndipo nikageuka.

Gari lilipopatikana ilikuwa alasiri. Alikata roho njiani, hatujafika hospitali ya Kabanga.

Msibani watu walipouliza nilisema alianguka ghafla. Wote wakalipokea hivyo, wanangu nao. Ghafla. Neno hilo nimelisema mara nyingi mpaka nikaona aibu kulitamka.

Sasa Melkiadi anataka nikakae nyuma ya duka lake nikitazama ukuta. Hajui kwamba nikiondoka hapa nitakuwa nimemwacha mama yake mara ya pili. Siendi. Hata maharage yote yaoze, siendi. Nimeandika na nimepiga mstari chini yake.

Desemba 3

Nimeng'oa yaliyooza. Ni karibu nusu ya shamba.

Desemba 5

Esteri amesimama kwenye mpaka wa shamba lake akanitazama nikibeba mizigo ya majani yaliyooza. Nilikuwa tayari kwa ulimi wake. Hakusema kitu. Jioni amenitumia ndizi za kupika. Nimemrudishia sahani ikiwa na asali kidogo, maana sahani hairudi tupu, lakini nimemtumia na ujumbe kwamba ndizi si msaada wa maharage, asije akaniharibia makubaliano. Amenijibu kwamba hata akilipwa asingegusa maharage yangu.

Desemba 10, Jumapili

Melkiadi: kichwa. Mimi: kizima.

Akauliza habari za maharage. Nikamwambia yapo. Sikusema uongo, yapo.

Desemba 14

Leo nimekwenda nyuma ya jiko kutafuta kuku aliyepotea, nikasimama pale dakika nyingi. Ule mteremko wa mawe niliotupia mabaki umejaa. Yamekufa machache, yale meupe na mengi ya yale madoadoa. Lakini nyeusi zimepanda juu ya mawe zikizaa, na zile ndogo zambarau ambazo sikujua hata zilikuwa za kazi gani zimefunika ardhi, mvua yote hii hazina hata doa. Mwaka jana jua lilipowaka mwezi mzima, ninakumbuka tulikula nyeupe tu, na Epifania hakuonekana kushangaa.

Alikuwa anapanda kwa ajili ya kila aina ya mwaka. Mwaka wa mvua, mwaka wa jua, mwaka wa wadudu. Nami nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye miaka yote hiyo nikidhani ni mchanganyiko wa uvivu, kwamba hapendi kuchambua. Nikachambua mimi, hodari, kwa siku moja nikaitenganisha kazi ya mama na binti, na nusu yake nikaichemsha.

Nimekaa juu ya jiwe nikalia kwa sauti. Nimeandika hilo pia.

Desemba 25

Krismasi. Wanangu wote wawili walitaka niende mjini. Nimekataa kwa sababu wangeniona uso. Nimekula wali kwa Esteri pamoja na wajukuu zake. Hatukutaja shamba.

Januari 3

Jua siku nne mfululizo. Nimeanza kung'oa na kuanika.

Januari 8

Nimepiga maharage kwa fimbo, nimepepeta. Kupepeta kumenishinda, nusu ya makapi imenirudi machoni. Nilifikiri ni kutikisa ungo tu.

Za njano zote, shamba zima, hazijafika nusu gunia. Za mteremkoni, eneo dogo kama sebule mbili, zimenipa debe moja na zaidi. Nimeyaweka yote pamoja kwenye gunia moja, nikalisimamisha. Halikujaa.

Januari 10

Nimefika kwenye kurasa ngumu.

Asubuhi nimesikia pikipiki. Fidele, na nyuma amefunga gunia lililojazwa kupita mdomo. Amelishusha, amelibeba mpaka stoo, amelisimamisha karibu na langu. Maharage ya rangi rangi, amezunguka masoko mawili ya Kibondo kutafuta ya kufanana. Akarudi kwenye pikipiki akaleta na kifurushi kidogo.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

Kimya.

"Fidele, hii ni nini?"

"Ni magunia mawili, Data. Ziada ya hili inajazia lako."

Nimemtazama kijana huyu. Mikono yake imejaa oili hata kwenye kucha. Nilikuwa nadhani yeye ni wa kufuata, kwamba anachosema Melkiadi ndicho anachowaza. Kumbe tangu lile tanga la Septemba amekuwa akitaka nishinde na hakusema kwa sababu hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

Nilitaka sana kukubali. Ningelala vizuri leo.

"Yarudishe," nikasema.

"Data, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Nimekaa na jambo moja ambalo ni mimi tu ninayelijua tangu mwaka jana, na linanitosha. Sina nafasi ya la pili."

Akaniuliza ni jambo gani. Nikamwambia alinyanyue gunia lake. Hakulinyanyua. Alikaa juu yake, akakunja mikono, akasema hataki niende Kasulu kwa sababu akija hapa bado anamsikia mama yake, na kule nyuma ya duka hatamsikia. Ni maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake kwa mwezi mzima. Nikamshika kichwa, mtoto wa miaka thelathini, na sote wawili tukawa hatujui la kufanya na mikono yetu.

Gunia ameondoka nalo. Kifurushi ameniachia, amesema hicho ni sukari.

Januari 13, Jumamosi

Melkiadi amefika saa nne na gari la kukodi la mizigo. Alikuwa hajaona mavuno, lakini alikuwa amekuja na gari la mizigo. Fidele amekuja nyuma yake na pikipiki.

Nimewapeleka stoo moja kwa moja. Nikafungua gunia.

"Ni hilo tu," nikasema. "Limepungua. Nilichambua mbegu za mama yenu, za njano zikaoza, kosa ni langu na si la mvua. Nimeshindwa."

Melkiadi akashusha pumzi. Nilitegemea acheke, hakucheka. Akaanza kuzungumza kwa upole kuhusu kitanda, tutakibebaje, na kuku watabaki kwa nani.

"Hujanisikia mpaka mwisho," nikasema. "Nimeshindwa. Na siendi."

"Data, ulinipa mkono."

"Nilikupa."

"Mbele ya shahidi."

"Shahidi yule pale. Atakwambia kwamba baba yako amevunja neno lake. Katangaze Kasulu yote. Siendi."

"Hiyo si haki!"

"Si haki kabisa."

Hapo Melkiadi akawaka. Sijamwona hivyo tangu akiwa kijana. Akasema nina kiburi, akasema ninakaa hapa kama ninalinda dhahabu, akasema mama yake alianguka hapa hakuna gari wala mtu, na mimi nitaanguka hapa hapa, na yeye atakuwa dukani anamhesabia mtu misumari simu italia. "Siwezi kuipokea simu hiyo mara ya pili," akasema. "Siwezi, Data."

Nikaona kwamba nikinyamaza tena nitanyamaza mpaka kaburini.

"Hakuanguka ghafla," nikasema.

Nikawaambia. Kichwa kilivyomgonga tangu asubuhi. Bakuli la mbegu, mistari minne, nilivyofurahi. Alivyokaa chini nami nikachimba mpaka mwisho wa mstari. Sikujitetea popote. Nilipomaliza nilisimama wima mbele ya Melkiadi nikingoja, na kama angenipiga nisingeinua mkono.

Melkiadi akakaa chini, kwenye sakafu ya stoo, na suruali yake ya mjini.

"Alinipigia," akasema.

"Nani?"

"Mama. Siku ile, saa moja na nusu asubuhi. Alisema kichwa kinamuuma vibaya, kama naweza kuja na gari nimpeleke hospitali. Nilikuwa na mteja wa mabati, anasubiri. Nikamwambia mama, meza panado, endeleeni na shughuli zenu, kesho baada ya misa nakuja." Akajifuta pua kwa kiganja. "Akasema sawa mwanangu, usijali. Nilijua anavyosema usijali. Nikakata simu nikampimia yule mtu mabati yake."

Niliwaza upesi sana. Kwamba Epifania alikuwa ametaka kwenda. Kwamba alipoambiwa kesho ndipo akaja kwangu akasema tumalize kwanza, na mimi nikamshukuru Mungu kwa mke mchapakazi. Naandika kama ilivyokuwa: damu ilinipanda. Nilikuwa na maneno ya kumvunja mwanangu yakiwa yamefika kwenye ulimi, maneno mawili tu yangetosha, na angeyabeba maisha yake yote. Halafu nikakumbuka Jumapili zote zile. Kichwa, Data? Kichwa hakikuumi? Miezi kumi mtoto huyu amekuwa akiniuliza swali ambalo hakumwuliza mama yake, na mimi nimekuwa nikimfanyia mzaha.

Nikakaa sakafuni karibu naye. Magoti yalilia.

"Tuko wawili basi," nikasema.

Ndipo Fidele akasema, bila kuulizwa hata mara moja, "Kwa hiyo toka mwezi wa tatu mmekaa mnaogopana, kila mtu na siri yake, na mimi hapa kazi yangu kubeba magunia."

Melkiadi akamtazama. "Magunia gani?"

"Waulize wauza maharage wa Kibondo."

Melkiadi alianza kucheka, kicheko kikageuka akalia, akalia kwa kelele jinsi ambavyo hakulia makaburini, maana makaburini alikuwa anashughulika na viti na maturubai. Tukamwacha amalize. Esteri alitokea mlangoni akidhani kuna msiba mwingine, akatuona wanaume watatu sakafuni na gunia lisilojaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake amerudi kwake bila kuuliza.

Mwenye gari alikuwa anapiga honi. Melkiadi akasimama, akajikung'uta.

"Sasa nitawaambia nini watu? Mke wangu ameshapaka chumba rangi."

"Mwambie nimekataa."

"Nitasema ulishinda. Itakuwa rahisi."

"Hutasema hivyo. Sema mzee alishindwa na bado amekataa."

Tumekubaliana mambo mawili, bila kupeana mikono safari hii. Fidele atalala hapa siku za Jumamosi na Jumapili. Na mimi nitakwenda kupimwa presha kila mwezi, nikiumwa au nisipoumwa. Hilo la pili nililipigania nikashindwa, na hilo nitalitimiza.

Januari 14, Jumapili

Melkiadi amepiga. Ameuliza habari za kichwa. Nimemjibu vizuri: kilikuwa kizito jana usiku, leo kimepoa, nimekula mihogo na maharage, nimelala saa tatu. Kisha nikamwuliza cha kwake. Akasema hakuna aliyewahi kumwuliza.

Februari 9

Presha yangu iko juu kidogo. Wamenipa vidonge. Sijanuna.

Februari 17

Mvua za pili zinakaribia. Esteri amekuja na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Ndani mna mbegu, nyeusi, nyeupe, madoadoa, zile kubwa nyekundu nilizozila mpaka zikaisha. Amesema Epifania alikuwa anampa kila mwaka, naye anampa, ndivyo wanavyofanya wao, ili mmoja akiharibikiwa mbegu isipotee.

"Ungeniambia Oktoba," nikasema.

"Oktoba ulikuwa unajua kila kitu."

Amenifundisha kuchanganya. Si kumwaga tu, kuna kiasi. Hizi viganja viwili, hizi kimoja, hizi nusu kwa sababu zinatambaa na kuzifunika nyingine. Nimeviandika viganja vyote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Fidele naye alikuwepo, na mikono yake ilikuwa inaelewa upesi kuliko yangu.

Februari 24, Jumamosi

Fidele amechimba, mimi nimepanda. Waliopita barabarani wametuona wanaume wawili na bakuli la mbegu. Wamesema waliyosema.

Februari 27, Jumanne

Nilikuwa katikati ya mstari simu ikalia. Melkiadi, siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa anaulizia bei ya mahindi huku kwetu, lakini nikasikia sauti yake.

"Unaumwa?"

"Ni homa kidogo tu, toka juzi. Na kichwa. Jioni nitakwenda kupima, kuna watu wanapakia saruji hapa."

"Funga duka."

"Data, jioni nitakwenda, nime..."

"Melkiadi. Basi linapita hapa saa tatu. Ama ulifunge sasa hivi uende hospitali, ama ninapanda hilo basi na matope yangu miguuni nije nilifunge mwenyewe mbele ya wateja wako. Unanijua."

Nilisikia watu na mabati nyuma yake. Kisha nikamsikia akimwambia mtu kwamba samahani, leo hatuuzi, njoo kesho. Nikasikia mlango wa bati ukishushwa.

Nimeweka bakuli chini nimekaa kwenye tuta, mstari sijaumaliza. Saa saba amepiga kutoka hospitali. Malaria, wamempa dawa, yuko na mkewe, anarudi nyumbani kulala. Nimemwambia alale kweli. Halafu nimerudi kupanda.